Mizabibu ya nchi za baridi ijaribiwe Uyole kabla ya wakulima kuuziwa miche

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo tangu mwaka jana linaulizwa sana huku Nyanda za Juu Kusini, nalo ni mzabibu wa mvinyo mweupe unaosemekana kuhimili baridi. Vijana wawili wa kata yetu wamenijia kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiwa na picha ya vichala vya rangi ya dhahabu katika simu yake, pamoja na maelezo kwamba aina hiyo, iitwayo La Crescent, huvumilia baridi ya hadi nyuzi 36 za Selsiasi chini ya sifuri. Wote wawili waliniuliza swali lile lile: ikiwa mti huu unaishi mahali ambapo mito huganda hata magari yakapita juu yake, utashindwaje kuishi Mafinga, Njombe au Makete? Nimefanya kazi ya ugani wa kilimo kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na ninawapongeza vijana wanaouliza kabla ya kutoa fedha. Hata hivyo, naona swali lenyewe limeanzia pasipo penyewe. Kuhimili baridi ndiyo sifa ya mzabibu huo tunayoihitaji kidogo kuliko zote. Tunalopaswa kuuliza ni jinsi majani yake yanavyostahimili mvua za kuanzia Januari hadi Aprili, na kwa swali hilo jibu la La Crescent halifurahishi.

Nisieleweke kwamba ninaubeza mti huo, kwa sababu umetokana na kazi ya subira inayostahili heshima. Ulitolewa rasmi kwa wakulima mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Minnesota, kaskazini mwa Marekani, lakini asili ya wazazi wake ni kazi ya mkulima mmoja, Elmer Swenson, ambaye mwaka 1943 alianza kuchavusha mizabibu kwa mkono shambani kwake karibu na mji wa Osceola, katika jimbo jirani la Wisconsin, na kazi hiyo ikamchukua sehemu kubwa ya maisha yake mpaka alipofariki mwaka 2004. Mzabibu wa Ulaya una matunda mazuri kwa mvinyo lakini baridi ya huko huua macho yake, yaani vifundo vya kuchipulia, na hata shina lake. Mzabibu mwitu wa kingo za mito ya Amerika Kaskazini, ambao wataalamu huuita riparia, hauijali baridi hiyo, ila punje zake ni ndogo na zina asidi kali. Swenson na wenzake waliichanganya damu ya pande hizo mbili kizazi baada ya kizazi, wakibakiza miche michache na kung'oa mingi, hadi ikapatikana mizabibu inayolala salama chini ya theluji na kuamka ikazaa matunda yanayonyweka. La Crescent, ambayo katika ukoo wake umo pia mzabibu wenye harufu nzuri uitwao Muscat Hamburg, hutoa mvinyo mweupe unaonukia aprikoti na machungwa, na wanaoupenda wana sababu ya kuupenda.

Hapa niweke sawa neno moja, kwa kuwa nimeona likiwachanganya wakulima. Tunaposema mzabibu chotara, mkulima wa Ismani aliyezoea mahindi chotara hudhani kwamba atalazimika kununua mbegu upya kila msimu, kwa sababu akipanda punje za mavuno yake mahindi hubadilika na kupungua nguvu. Mzabibu haupandwi kwa punje. Hupandwa kwa pingili zilizokatwa kwenye tawi lililokomaa, na kila pingili huwa ni mti ule ule kwa sifa zote, leo na baada ya miaka hamsini. Kwa hiyo aina ikithibitika kuwa njema, mkulima anaweza kuizidisha kwa miaka mingi bila kupoteza chochote isipokuwa pale inapolindwa na hakimiliki ya mgunduzi wake. Na aina ikiwa mbaya, ubaya huo nao utasambaa bila kupungua, kutoka kijiji hadi kijiji, kwa mkono wa jirani mwema anayempa mwenzake pingili. Hiyo ndiyo sababu kosa katika kuchagua mzabibu ni ghali kuliko kosa katika kuchagua mahindi.

Nirudi kwenye baridi. Mzabibu wa Minnesota haupambani na baridi kwa ugumu wa gome lake. Huipokea kwa kulala, na usingizi huo unaanzia katika jua na si katika kipimajoto. Mji wa Minneapolis hupata mchana wa zaidi ya saa 15 na nusu mwezi Juni, na chini ya saa tisa mwezi Desemba. Mchana unapoanza kufupika mwishoni mwa kiangazi cha huko, riparia na watoto wake huona dalili hiyo, husimamisha ukuaji, huyakomaza matawi yao yakawa ya kahawia, hupukutisha majani na kuingia usingizini kabla barafu haijafika. Baada ya hapo yanahitajika majuma mengi ya baridi ili macho yawe tayari kuamka kwa pamoja majira ya kuchipua yanapowadia. Mbeya iko takriban nyuzi tisa kusini mwa Ikweta, na hapa tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haizidi sana saa moja. Dalili ambayo mti huo umezaliwa kuitii, kwetu haipo.

Na baridi yetu yenyewe ni ya namna nyingine. Sakitu ya Kitulo, kwenye uwanda ulio juu ya mita 2,500, au ile inayoyachoma mashamba ya chai na viazi ya Mufindi mwezi Juni na Julai, hushuka usiku wa anga jeupe, ikatanda alfajiri, na kufikia saa mbili au saa tatu asubuhi jua limekwisha kuiyeyusha. Kipimajoto kinashuka kidogo tu chini ya sifuri, kisha mchana mtu anavua koti. Baridi ya namna hiyo haiwezi kuua shina la mzabibu wowote uliolala, hata ule wa Ulaya usio na damu ya riparia. Hata hivyo huua chipukizi changa la mzabibu wowote ulioamka, pamoja na la La Crescent, kwa kuwa nguvu ya kuhimili nyuzi 36 chini ya sifuri ni ya jicho lililofumba na haimo kabisa katika jani laini lililotoka wiki iliyopita. Tena mizabibu yenye damu ya riparia inajulikana kwa kuwahi kuchipua, jambo ambalo hata huko kwao huwaletea wakulima hasara baridi inaporejea ghafla. Anayeinunua akidhani kwamba amenunua kinga dhidi ya sakitu ya Julai atakuwa amenunua koti la kuvaa akiwa amelala.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Miaka sita iliyopita nilipata pingili arobaini za mzabibu mweupe uitwao Chenin Blanc kutoka kwa rafiki yangu wa Hombolo, Dodoma, nikazipanda kwenye kinyungu changu bondeni, kwa sababu huko ndiko kuliko na unyevu wakati wa kiangazi. Mwaka wa pili nilipogoa mwanzoni mwa Juni kama nilivyoelekezwa na mtu aliyezoea Dodoma. Machipukizi yalitoka vizuri, yakafika urefu wa kiganja, na usiku mmoja wa Julai sakitu ikayamaliza yote. Asubuhi yalikuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Nikahamishia miche iliyobaki kwenye mteremko, mita kama thelathini juu ya kinyungu, ambako hewa baridi haitulii bali huteleza kwenda chini. Sakitu haikunifika tena. Mwaka uliofuata nikabadili kalenda, nikapogoa katikati ya Januari ili mavuno yaangukie Juni, wakati wa kipupwe kikavu. Mizabibu ikachanua na kufunga matunda. Katikati ya Machi nikaanza kuona madoa ya njano juu ya majani, mfano wa tone la mafuta kwenye karatasi, na chini ya kila doa utando mweupe kama pamba. Mwezi wa Aprili ulipoisha, mizabibu yangu ilikuwa vijiti vilivyobeba vichala vibichi visivyo na jani hata moja la kuvilisha.

Ugonjwa huo ni ubwiri vinyoya, na ndio ninaoukusudia katika barua hii. Wakulima wa viazi mviringo wa Njombe, Makete na Umalila hawahitaji kufundishwa tabia yake, maana ni ndugu wa bakajani chelewa: vyote viwili si kuvu halisi, ni viumbe vya kundi moja vinavyosafiri ndani ya maji, ambavyo vijimbegu vyake huogelea kwenye tone la mvua au umande mpaka vikapata tundu la kuingilia kwenye jani. Mzabibu wa Ulaya hauna kinga ya asili dhidi ya ubwiri huo kwa sababu haukukua nao. Ubwiri huo uliletwa Ulaya kutoka Amerika katika karne ya 19, na Wafaransa wakaokolewa na mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulioanzia Bordeaux katika miaka ya 1880. Mchanganyiko huo ungalipo na unafanya kazi, lakini huoshwa na mvua. Dodoma, inayopata wastani wa mvua usiofika milimita 600 kwa mwaka, mkulima anaweza kuupuliza na ukakaa. Njombe hupata zaidi ya milimita 1,000, na ukishuka Tukuyu unazungumzia zaidi ya 2,000. Nilipuliza mara tisa msimu ule, na mara sita kati ya hizo mvua ilinyesha kabla ya siku mbili kupita.

Msomaji atauliza kwa nini nisipogoe wakati ambao majani hayatakutana na mvua. Hesabu inakataa. Tangu kuchipua hadi kuvuna, aina inayowahi huchukua miezi minne na nusu au mitano. Nikipogoa Agosti baada ya sakitu kupita, zabibu zitaiva Januari, katikati ya mvua, zikiwa na ngozi laini na sukari nyingi, na zitaoza kwenye vichala kabla sijaita watu wa kuchuma. Nikipogoa Juni ili nivune Novemba kabla mvua hazijakolea, ninayaweka machipukizi mdomoni mwa sakitu. Inabaki kalenda ya Januari, ambayo inaivisha matunda Mei na Juni, siku zikiwa kavu na usiku ukiwa wa baridi, hali ambayo mtengeneza mvinyo mweupe popote duniani angeitamani. Bei ya kalenda hiyo ni kwamba majani yatakua ndani ya mvua kwa miezi mitatu mfululizo. Mzabibu wa Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo, unapaswa kuwa mzabibu ambao jani lake linahimili ubwiri vinyoya, na sifa nyingine zifuate nyuma ya hiyo.

Ukiipima La Crescent kwa kipimo hiki, inapungua. Ina kinga ya kiasi dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa mwingine unaoyafunika majani kwa unga mweupe, lakini majani yake hushikwa na ubwiri vinyoya, na wakulima wa huko kwao wanalijua hilo na hupuliza dawa. Zaidi ya hayo punje zake zikiiva huachia kikonyo na kudondoka, kasoro ndogo kwa shamba linalovunwa siku moja kwa watu wengi na kubwa kwa familia inayovuna kidogo kidogo. Chuo hicho hicho cha Minnesota kilitoa mwaka 2017 aina nyingine nyeupe, Itasca, ambayo inahimili vizuri zaidi aina zote mbili za ubwiri na ina asidi ndogo kuliko ndugu zake, na ningeiweka mbele ya La Crescent bila kusita.

Lakini ningependa wataalamu wetu watazame pia mbali na Minnesota. Ipo Seyval Blanc, chotara ya Kifaransa ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa mizabibu iliyopandwa sana Uingereza, nchi yenye mawingu na mvua nyepesi isiyokatika kama ukungu wa Mufindi. Huiva mapema, huzaa mno hata inabidi kupunguza vichala ili mti usichoke, na udhaifu wake mkubwa ni kuoza kwa matunda yakiiva kwenye unyevu, jambo ambalo kalenda ya kuvuna Juni ingeliepusha. Ndugu yake wa upande mmoja ni Vidal, iliyotokana na zabibu ya Ugni Blanc, ambayo Wakanada huiacha mtini mpaka igande ndipo waikamue kupata mvinyo mtamu. Hiyo huchelewa kuiva, nami sioni nafasi yake kwetu. Na ipo Solaris, iliyozalishwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1975, ikiwa na damu ya mzabibu mwitu wa Asia ya Mashariki, ambayo leo inapandwa mpaka Denmark na Sweden. Jani la Solaris lina kinga nzuri dhidi ya ubwiri vinyoya, huiva mapema sana na hukusanya sukari nyingi. Kama ningeambiwa nichague aina moja tu ya kujaribu mwakani kwenye mteremko wangu, ningeichagua hiyo.

Hofu yangu juu ya aina zote hizi, hata Solaris, ni usingizi niliousema. Mzabibu usiolala vizuri huchipua kwa upendeleo: jicho la mwisho wa tawi huamka, yale ya chini yakabaki yamefumba, na baada ya miaka miwili mkulima ana mti mrefu mtupu wenye majani nchani. Katika nchi za joto, kama Brazil na India, wakulima hupaka macho dawa kali ya kuyaamsha, dawa yenye sumu ambayo nisingependa kuiona mikononi mwa mtu asiye na glavu. Wenzetu wa Dodoma huupumzisha mzabibu kwa kuunyima maji kisha kuupogoa, na kwa njia hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Je, kipupwe chetu cha Juni hadi Agosti, ambacho usiku wake mwingi hushuka chini ya nyuzi kumi, kinatosha kumlaza mtoto wa riparia au Solaris? Hilo linajibiwa na miti iliyopandwa ardhini na kuhesabiwa macho yake kwa misimu mitatu. Muuza miche hawezi kulijibu, wala mimi.

Kuhusu mvinyo wenyewe nina matumaini makubwa kuliko niliyo nayo kuhusu kilimo chake. Mvinyo mweupe huharibiwa na joto: maji ya zabibu yakichachuka kwenye joto kali, harufu zote nzuri hupotea na rangi hugeuka kahawia. Kwa sababu hiyo viwanda vya nchi zenye joto hutumia umeme mwingi kupoza mapipa, ilhali ghala la matofali la Mafinga mwezi Juni lina nyuzi kati ya kumi na kumi na tano mchana kutwa bila gharama yoyote. Watu wa Iringa na Njombe wanafahamu vinywaji vinavyochachuka tangu enzi za mababu, ila ulanzi, pombe ya mianzi, huchachuka wenyewe kwa siku moja na kunywewa siku hiyo, wakati mvinyo mweupe unataka usafi wa hospitali na subira ya miezi. Tatizo litakuwa asidi. Chotara za riparia huwa na asidi nyingi, na usiku wa baridi huzuia asidi hiyo isipungue, hivyo mtengenezaji atapaswa kujua namna ya kuipunguza kwa bakteria wanaoila asidi ya maliki, au kuuficha ukali wake kwa kubakiza sukari kidogo. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea Solaris na Itasca.

Soko nitalitaja kwa ufupi, kwa kuwa halina maana kabla ya mti kuota. Zabibu zikichumwa hazingoji, na kutoka Mafinga hadi viwanda vya Dodoma ni zaidi ya kilomita 300. Wakulima wa Dodoma wenyewe wamepata misimu ambayo matunda yao yaliozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Mwenye kupanda huku apande akijua kwamba atasindika huku huku, yeye na wenzake wa ushirika. Wapo wanaosema kuwa mvinyo wa chotara hauna heshima duniani, na ni kweli kwamba Ufaransa ilipiga marufuku baadhi ya chotara za Kiamerika mwaka 1934, nyeupe iitwayo Noah ikiwemo. Lakini Umoja wa Ulaya ulilegeza sheria zake mwaka 2021, ukaruhusu aina zilizochanganywa na mizabibu mwitu kutumika hata katika mvinyo wenye majina ya asili yanayolindwa, kwa sababu ile ile inayotusumbua sisi: kupunguza dawa zinazopulizwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi, na lililonisukuma kuandika, ni njia ambayo miche hii inataka kuingilia. Mmoja wa wale vijana aliniambia kwamba yupo mtu aliyemwahidi kumletea pingili kutoka nje ndani ya begi la nguo, kwa bei ambayo sitaitaja hapa isije ikawavuta wengine. Ndugu Mhariri, historia ya mzabibu ina somo moja chungu kupita yote. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera alifika kusini mwa Ufaransa pamoja na miche ya mizabibu kutoka Amerika, akaingia ardhini, akaanza kunyonya mizizi, na katika muda wa miongo michache sehemu kubwa ya mashamba ya nchi hiyo ikawa kuni. Chotara za kwanza za Kifaransa, ambazo Seyval ni mjukuu wao, zilizaliwa kutokana na msiba huo. Mtu anayeleta pingili kwa siri Mufindi hachezi na shamba lake peke yake. Anachezea Makutupora, Bihawana, Hombolo na kila kaya ya Dodoma inayosomesha watoto kwa zabibu, kwani mdudu, virusi na vijimbegu vya magonjwa havisomi mipaka ya mikoa. Ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo kazi yake ni kutoa vibali vya kuingiza mimea na kuikagua. Vijana waipitie hiyo, hata kama itachukua mwaka mzima.

Ombi langu ni kwa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kupitia vituo vyake vya Uyole, Mbeya, na Makutupora, Dodoma, kimoja kikiwa na ujuzi wa nyanda za juu na kingine kikiwa na ujuzi wa mzabibu. Vituo hivyo viwili viagize kwa njia halali miche safi ya Solaris, Seyval Blanc na Itasca, na La Crescent pia ili watu waone kwa macho yao, viioteshe kwanza kwenye karantini, kisha viipande Uyole, Mufindi na Makete, pamoja na Chenin Blanc ya Dodoma kwa kulinganisha. Ipogolewe Januari. Kila Machi na Aprili yahesabiwe majani yenye ubwiri, kila Agosti yahesabiwe macho yaliyoamka na yaliyofumba, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili katika gazeti hili na katika ofisi za kata, mazuri na mabaya. Halmashauri zetu, ambazo zimewasaidia wakulima wa parachichi kupata miche ya kubebeshwa, zinaweza kuchangia gharama ya uzio na mtu wa kutunza. Mpaka majibu hayo yapatikane, maofisa ugani walioko kazini wasikubali kusimama pembeni ya muuza miche anayetaja nyuzi 36 chini ya sifuri.

Kwa upande wangu, mteremko ulio juu ya kinyungu changu una nafasi ya miche sitini, maji ya mfereji yapo, na ninalo daftari la sakitu na la mvua la misimu sita, tarehe kwa tarehe. Mtafiti atakayeuhitaji ataupata bila malipo, na daftari atapewa siku hiyo hiyo. Mizabibu kumi na mmoja ya Chenin Blanc iliyosalimika ingalipo hapo, na nimeshawaambia wale vijana wawili waje Januari tuipogoe pamoja.

Wako katika kilimo,

Afisa ugani mstaafu,
Mafinga, Iringa